Kufuli na Kipande Chake cha Ufunguo

Kiwandani walimwita Kufuli, na jina hilo halikutokana na ubahili wala ukali. Lilitokana na mdomo wake. Ukimuuliza habari za nyumbani, nzuri. Za kazi, nzuri. Ungemwambia nyumba yake inaungua moto angesema nzuri, kisha angerudi kwenye mashine yake. Kazi yake ilikuwa kukunja springi. Waya uliingia upande mmoja wa mashine ukiwa umenyooka, ukatoka upande wa pili umejizungusha, naye alisimama hapo akiupima kwa jicho na kwa kidole gumba. Springi hizo ziliingia kwenye breki za lifti, zile breki ambazo abiria hajui kama zipo mpaka siku kamba inapokatika.

Alikuwa na sababu ya kuzijali. Kaka yake alikuwa fundi rangi, na siku moja, akiwa na ndoo zake ndani ya lifti ya jengo jipya, kamba ilikatika. Breki ikashika, ikaachia. Kaka alitoka mzima wa roho lakini mguu mmoja haukufaa tena. Walipoifungua breki walikuta springi ya bandia, laini kama waya wa kufungia mizigo. Karatasi zake sasa: zimegongwa mihuri, zimesainiwa, zinasema springi hii ni ya kiwanda fulani chenye sifa zake.

"Karatasi zilikuwa nzuri kuliko springi," kaka alipenda kusema, akigonga sakafu kwa gongo lake.

Kuanzia hapo mdogo mtu akabeba nyumba mbili. Watoto wa kaka yake, waliomwita baba mdogo, aliwasomesha yeye, na ujana wake ukaishia kwenye sare na viatu vyao vya shule. Alipopata nafasi ya kutazama mambo yake mwenyewe alikuta chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja, kiti kimoja na kikombe kimoja. Watoto walishakua, wakaenda zao. Walimpigia simu sikukuu zikifika, wakampa pole kwa kazi.

Sasa huo muhuri lazima nieleze, maana bila huo hakuna cha kusimulia. Ajali za springi za bandia zilipozidi, wanunuzi wa breki walisema karatasi hawazitaki tena. Walitaka kila chuma kijieleze chenyewe kimetoka wapi. Ndipo ukaja muhuri usio na wino. Ni namba ndefu inayotengenezwa na kompyuta kwa kuchanganya habari za kitu na siri ya yule anayekitia muhuri. Yeyote anaweza kuukagua akajua ni wa nani, lakini hakuna awezaye kuutengeneza bila ile siri. Wa mgodini anatia wake, wa tanuri anatia wake juu ya ule wa mgodini, mvuta waya juu ya ule wa tanuri, na mtu akigeuza habari moja tu huko chini, mihuri yote ya juu inakataa. Kufuli alilielewa jambo hilo siku ile ile walipofundishwa. Ukiisomesha springi yake kwenye mashine, ilitaja ukoo wake wote mpaka shimo lilikochimbwa jiwe la kwanza. Alitembea nalo jambo hilo siku nzima, limemfurahisha, hana wa kumwambia.

Lakini nani anathibitisha kwamba muhuri unaojiita wa mgodi ni wa mgodi kweli, si wa tapeli mwenye kompyuta? Hiyo ilikuwa kazi ya ufunguo mkuu wa kiwanda, siri moja kubwa iliyozithibitisha siri nyingine zote. Mwenye ufunguo huo angeweza kulitambulisha genge la wezi kuwa ni mgodi halali, na dunia ingeamini. Kwa hiyo hakupewa mtu mmoja, hata meneja mwenyewe. Uligawanywa vipande vitatu, kila kipande kikawekwa ndani ya kadi, na kadi wakapewa wafanyakazi watatu wa idara tatu. Akija muuzaji mpya wa chuma wa kuthibitishwa, sharti vipande vyote vitatu vifike kwenye chumba cha muhuri.

Kufuli alikuwa mmoja wa hao watatu. Wa pili alikuwa dereva wa foklifti. Wa tatu alikuwa mwanamke wa chumba cha vipimo, ambaye kazi yake ilikuwa kukandamiza springi moja moja kwenye mashine ya kupimia, kujua kama ina nguvu inayotakiwa. Yeye walimwita Bi Mizani.

Siku ya kiapo waliitwa wote watatu pamoja, na ikawa mara ya kwanza na ya mwisho kuketi chumba kimoja. Afisa usalama, mtu mnene aliyependa kusimama hata penye viti, aliwasomea masharti.

"Hamtakiwi kuzoeana," alisema. "Msile meza moja. Msipande gari moja. Msitembeleane, msipeane namba za simu, na tafadhalini sana, msioane. Watu watatu wasiojuana ni milango mitatu. Watu watatu wanaozoeana ni mtu mmoja mwenye mifuko mitatu. Na siku mtu akirudisha kipande chake, akae kimya vilevile, asimwambie yeyote, hata nyinyi wenzake. Mwenye kipande na asiye nacho wafanane, ili mwenye nia mbaya asijue pa kuanzia."

"Na tukikutana ndani ya lifti?" aliuliza Bi Mizani.

Afisa alifikiri. "Mmoja ashuke."

"Hata kama ni ghorofa ya tisa?"

"Ngazi zipo."

Bi Mizani alicheka, mkono ukachelewa kufika mdomoni. Kufuli, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa mwezi mwandamo, alijikuta anacheka naye. Wakatazamana. Kisha wakainua mikono wakaapa. Mapenzi, kama unataka kujua, yalianza hapo, kiapo kikiwa bado hakijatamkwa, na afisa wa watu akiwa amegeuka kutafuta miwani yake.

Tangu hapo kila mmoja aliingia chumba cha muhuri peke yake, kwa saa yake, akatoka kwa mlango mwingine. Kufuli alilishika sharti kwa mikono miwili. Alikuwa akimwona kaka yake anavyojivuta na gongo, na hakuwa na sababu ya kulichezea. Kantini, Bi Mizani alikula meza ya dirishani. Yeye akahamia ya karibu na karo la kuoshea vyombo. Bi Mizani alitoka kwa geti la juu. Yeye akazoea la chini, ingawa lilimzungusha. Wenzake wakianza kuzungumza habari za yule mama, aliinuka akaenda kunywa maji, asije akasikia jambo linaloweza kuitwa mazoea. Mwishowe akaacha hata kumsalimia. Alijiambia kwamba salamu ndiyo mlango wa maneno, na maneno yakishaingia hayatoki. Hakujua yule mama anakaa wapi, hakujua kama ana watoto, hakujua jina alilopewa na wazazi wake.

Kitu kimoja tu alijipa. Springi ikitoka kwake ilitiwa muhuri wake, ikaenda kwa toroli hadi chumba cha vipimo, nako ikatiwa muhuri wa Bi Mizani juu ya wake. Ikisomeshwa, namba zile mbili zilionekana zimepangana, yake chini na ya yule mama juu, na hakuna mtu duniani angeweza kuchomeka kitu katikati. Kila siku ilikuwa hivyo, kwenye kila springi, na springi hizo zilikuwa zinapanda na kushuka kwenye majengo asiyoyajua. Alizifikiria hizo akiwa amekaa kwenye kiti chake kimoja jioni, kikombe mkononi, redio ya jirani ikisema upande wa pili wa ukuta.

Springi mbovu zilirudishwa zikiwa na alama ya chaki pale penye kasoro. Chaki ile ilikuwa ya mkono wa Bi Mizani. Mara nyingine, mkono ukiwa kwenye usukani wa mashine, Kufuli alitamani kukosea kidogo tu, nywele moja, ili apate chaki. Hakuwahi. Akajisifu kwa hilo, na akabaki bila chaki.

Kaka yake tu ndiye aliyejua robo ya habari.

"Yupo mtu kazini," Kufuli alimwambia siku moja walipokuwa wamekaa barazani kwa kaka. "Lakini haiwezekani mpaka nistaafu."

"Ameolewa?"

"Sijui."

"Ana miaka mingapi?"

"Sijui."

"Anaitwa nani?"

Kaka akamgeukia mkewe aliyekuwa anachambua mchele. "Mama watoto, njoo umsikie shemeji yako. Amependa picha."

"Muache," shemeji alisema. "Shemeji, lakini kuuliza si ujinga."

"Ni mambo ya kazi, shemeji. Kuna masharti."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," kaka alisema, na safari hii hakugonga gongo. "Mdogo wangu, mimi nilianguka mara moja tu. Wewe unaanguka polepole."

Kufuli alikuwa na hesabu yake. Masharti yaliwafunga wenye vipande. Siku atakayostaafu angerudisha chake, na akishakirudisha hatakuwa mwenye kipande, na asiye mwenye kipande anaruhusiwa kula meza yoyote. Alishaipanga siku hiyo kichwani: angechukua sahani, angekwenda meza ya dirishani, angekaa. Hilo tu. Alichokiomba Mungu ni kwamba siku hiyo ifike na Bi Mizani awe bado hajaondoka. Subira yavuta heri, wanasema. Hawasemi inaivuta kwa kamba ya urefu gani.

Kisha ukaja mwaka wa upepo, ule ulioezua paa la kantini. Kwa muda mrefu walipikiwa na kula chini ya turubai, mabenchi yamebananishwa, na kila mtu alishika sahani yake isiruke. Katika siku hizo Kufuli aliitwa chumba cha muhuri nje ya ratiba. Afisa alichukua kadi yake ya zamani, akampa mpya. Kufuli alidhani mvua iliingia kwenye mitambo. Hakuuliza. Watu wa aina yake wakipewa kadi mpya hutia mfukoni.

Siku chache baadaye, akiwa anakula, kivuli kiliangukia sahani yake. Aliinua macho akamwona Bi Mizani amesimama na sahani iliyojaa mpaka pembeni. Akakaa. Akakaa pale pale, mbele yake, magoti yao yakatenganishwa na ubao wa meza.

"Leo kuna upepo," Bi Mizani alisema.

Kufuli aliangaza macho. Afisa alikuwa kule mwisho anazungumza na mtu. Dereva wa foklifti alikuwa kwenye foleni. Angeweza kuonekana wakati wowote. Akafikiri: amejisahau, maskini, wataona, watamfukuza kazi. Basi akainuka, akachukua sahani yake bila kusema neno, akaenda kumalizia chakula amesimama kwenye bomba la maji, mgongo ukiwa umeelekea turubai.

Jioni ile alirudi nyumbani anakaribia kuwa na furaha. Alikuja, alijiambia. Alikuja mwenyewe, nami nikamlinda. Katika maisha yake lile ndilo jambo alilolihesabu kuwa la kiungwana kuliko yote, kuliko hata ada za watoto wa kaka. Bi Mizani hakuja tena. Paa lilipotengenezwa alirudi meza yake ya dirishani, na Kufuli akaona kwamba amekumbuka masharti.

Miaka ikaenda. Afisa mnene aliondoka, akaja binti mmoja mchangamfu aliyejua kompyuta na aliyemwamkia Kufuli kila asubuhi. Nywele za Bi Mizani zilianza kuwa nyeupe juu ya masikio. Kufuli aliziona kwa mbali, kutoka penye karo. Wiki ya kustaafu ilipofika, binti alimwita ofisini.

"Shikamoo, mzee. Ukirudisha kipande, ufunguo lazima tuugawe upya," alisema. "Na safari hii wanunuzi wanataka kushuhudia kwa macho yao. Wenye vipande wote watatu mtakaa chumba kimoja."

"Wote watatu?" Kufuli aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aajiriwe.

"Wote, mzee. Ana kwa ana."

Alikwenda kununua shati. Alinyoa ndevu kwa kinyozi badala ya kujikwangua mwenyewe mbele ya kioo kilichopasuka. Akapita dukani akanunua kikombe cha pili, akakiosha, akakiweka rafuni kando ya kile cha kwanza, akasimama kukitazama. Mtu mzima, na mvi zake, amesimama anatazama kikombe. Aliona haya ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona.

Chumba cha muhuri kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kina meza na viti vitatu vinavyotazamana na mashine moja ya rangi ya kijivu. Wanunuzi wawili walikaa ukutani na kalamu zao. Kufuli aliingia wa kwanza. Wa pili akaingia dereva wa foklifti, yule yule wa siku ya kiapo, ameota kitambi, wakapeana mkono kama wageni. Kisha mlango wa tatu ukafunguliwa, na Kufuli akainuka nusu, mkono ukiwa kwenye ukosi wa shati.

Aliyeingia ni mpishi wa kantini.

Kufuli alidhani amepotea njia, au ameleta chai. Lakini mpishi alifuta mikono kwenye aproni, akatoa kadi mfukoni, akaketi kwenye kiti cha tatu.

"Kumbe na wewe," mpishi alisema, anatabasamu. "Na mimi nilikuwa najiuliza nani wa tatu."

Binti aliwaomba watie kadi, mmoja baada ya mwingine, wakaandika maneno yao ya siri. Mashine ilikusanya vipande, ikanguruma kidogo, ikakata vipya. Wanunuzi wakatikisa vichwa kuwa wameridhika. Yote yalikwenda sawasawa, na Kufuli hakuona hata moja. Wenzao walipotoka alimshika mpishi mkono.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Hicho kipande. Umekishika tangu lini?"

"Aa, zamani. Tulikuwa tunapikia chini ya turubai. Niliitwa nikaapishwa moshi bado umenijaa machoni." Mpishi alimtazama, na tabasamu likaanza kumtoka usoni, kwa sababu na yeye alikuwa hesabu zake anazipiga. "Kabla yangu alikuwa nani?"

Kufuli aliuachia mkono wake.

"Alikuwa yule mama," mpishi alisema taratibu. "Bi Mizani. Ndiyo. Ndiyo maana. Siku ile alikuja kwenye sufuria akaniambia nijaze sahani. Nikamwambia mama, leo njaa imekushika. Akasema, leo sili peke yangu." Akairudisha kadi mfukoni. "Halafu nikakuona wewe unaondoka na sahani yako. Nikasema moyoni, huyu bwana ana moyo wa chuma."

Kufuli aliketi tena kwenye kile kiti. Yule mama alirudisha kipande chake. Aliapa kwamba hatasema, na hakusema. Alichukua sahani akaja kukaa, kwa sababu kukaa ndiko kulikobaki bila kiapo. Na yeye akamwonyesha mgongo, na kwa miaka yote iliyofuata akausifu ule mgongo. Hapakuwa na sharti lolote kati yao. Kulikuwa na meza tu, na mtu angeweza kuzunguka meza. Alifikiria kikombe kule rafuni, kimeoshwa, kinangoja.

"Mzee, nikuletee maji?" mpishi aliuliza.

"Hapana. Leo umepika nini?"

"Maharage."

"Nipakulie."

Bi Mizani alikuwa meza ya dirishani, anakula taratibu, miwani ya kazi imepandishwa juu ya paji la uso. Kufuli alivuka kantini nzima na sahani yake. Watu kadhaa waligeuka kutazama, maana hawakuwahi kumwona upande ule. Akakaa. Mama hakuinua macho mara moja. Alimaliza tonge lake kwanza.

"Nimerudisha kipande," Kufuli alisema.

"Nimesikia unastaafu."

"Nimemkuta mpishi mle ndani."

Mkono wa Bi Mizani ukasimama juu ya sahani. Akamtazama sasa, kwa muda, kama anavyoitazama springi kabla ya kuiweka kwenye mashine.

"Basi umejua," alisema.

"Nilidhani umejisahau. Nilidhani watakufukuza kazi. Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Nililijua hilo siku ile ile, ndiyo maana sikukasirika. Mimi nilifungwa na kiapo, nisingeweza kukuambia. Lakini wewe, Kufuli, ulifungwa na nini usiniulize? Ungesema tu, mama, leo vipi. Ningekujibu kwa kukaa." Alisukuma sahani kando. "Na yale masharti niliyasoma mpaka mwisho. Salamu hazikukatazwa. Hiyo uliiongeza mwenyewe."

Kufuli alitazama mikono yake juu ya meza, kidole gumba kilichokwisha kuwa kigumu kwa waya.

"Nilikungoja kidogo," Bi Mizani alisema. "Nisikudanganye kwamba nilingoja miaka yote. Nilingoja kidogo, halafu nikazoea. Sasa hivi nikila na mtu naona kama kuna kelele."

"Niondoke?"

"Sijasema hivyo."

Wakakaa. Nje toroli ilipita na springi ambazo Kufuli alizikunja jana, zinakwenda chumba cha Bi Mizani. Kufuli alijua waya wa springi zile ulivutwa wapi, chuma chake kiliyeyushwa kwenye tanuri gani na kilitoka mgodi upi. Ndipo likamjia swali ambalo watu wote huulizana wakikutana njiani, kabla hata ya kujua majina, na ambalo yeye hakuwahi kulitamka.

"Kwenu wapi?" aliuliza.

Bi Mizani alimtazama kama vile atacheka, asicheke. Macho yake yakalowa.

"Swali hilo huulizwa siku ya kwanza," alisema.

King'ora kikalia. Alishusha miwani yake machoni, akachukua sahani yake akaipeleka penye karo, akarudi kazini. Kwenye vidole vyake kulikuwa na chaki. Kufuli alibaki mezani mpaka kantini ikawa tupu, na mpishi alipokuja kufuta meza aliifuta kwa kumzunguka.

Alasiri alirudisha vifaa vyake, ovaroli, na mwisho kitambulisho cha getini. Mlinzi wa geti la chini alikipokea akakikata kwa mkasi, kama ilivyo kawaida, akamtakia mapumziko mema. Hapo ndipo lilipomwingia vizuri: kesho yule mama atakula pale dirishani, na yeye hataruhusiwa kupita geti. Alikuwa amengoja siku ya kuruhusiwa kukaa meza ile, na siku ile ile ikamtoa nje.

Hakwenda nyumbani. Alizunguka ukuta wa kiwanda mpaka geti la juu, barabara ambayo hakuwahi kuikanyaga, akasimama upande wa pili wa njia karibu na nguzo ya taa. Shati jipya lilikuwa limelowa jasho mgongoni. King'ora cha kutoka kilipolia, watu walimwagika. Wengi walimpungia, wakamtania kwamba amestaafu lakini miguu haijapata habari. Kisha wakapungua. Bi Mizani alitoka karibu na mwisho, peke yake, mkoba begani.

Alimwona. Akasimama getini, na barabara nzima ikawa kati yao.

"Habari za jioni," Kufuli alisema. Sauti ilikwaruza, ikabidi aiseme tena.

"Nzuri," Bi Mizani alijibu. Alisubiri lori lipite. "Kwetu mbali. Utachoka."

"Nimestaafu," Kufuli alisema.

Alimtazama kidogo, akahamishia mkoba bega la pili, akaanza kutembea. Hakumwita, wala hakumkataza. Kufuli akaanza kutembea na yeye, na kwa kuwa hakuna aliyejua namna nyingine, walikwenda hivyo, kila mtu upande wake wa barabara.